Mkondo mpya wa hadithi ya katuni na msomaji aliyechelewa

DESEMBA iliyopita nilikuwa nyumbani Golbanti, nimekaa chini ya mwembe nikingoja jua lipunguze makali, mjukuu wa dada yangu aliponijia na katoni kichwani. Ni msichana wa gredi ya sita, mwepesi wa macho na wa mdomo pia. Ndani ya katoni mlikuwa na matoleo ya zamani ya jarida la katuni la Shujaaz, yaliyoachwa na mjomba wake ambaye wakati mmoja alikuwa na kibanda cha M-Pesa pale Garsen. Panya walikuwa wameonja pembe, na baadhi yalikuwa yameingiwa na maji, yakakauka kama chapati. Alikuwa ameyapanga kwa nambari, moja juu ya jingine, na kila penye pengo ameweka jani la mwembe.

“Babu,” akaniambia, “hawa wanaongea ni kama mimi nilikuwako.”

Nimefundisha isimu kwa zaidi ya miaka thelathini na sijapata kumsikia mwanafunzi wa uzamili akilieleza tatizo la urejeleo kwa maneno machache namna hiyo. Wahusika wanasema “yule”, “kile kitu”, “kama jana”, nawe msomaji huna yule wala jana. Kisha akachomoa toleo moja katikati ya rundo. Hilo, alisema, ndilo analolielewa bila kumuuliza mtu, na alikuwa amelisoma mpaka pini zake zimetoka. Nikalifungua. Kumbe ni toleo ambalo kisa cha zamani kimekwisha na kipya ndio kinaanza.

Makala haya yanahusu toleo la aina hiyo, jinsi tunavyoweza kuliita kwa Kiswahili na kazi ambayo lugha hufanya ndani yake.

Kwa asiyelijua, Shujaaz lilianza Februari 2010, likitolewa na kampuni ya Well Told Story ya Nairobi na kugawanywa bure kila mwezi, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule asipate kazi, akajitengenezea kituo cha redio cha siri nyumbani kwao na kujiita DJ B. Pamoja naye wamo Maria Kim, Charlie Pele na Malkia. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Hapa ndipo inapotofautiana na Juha Kalulu, ile kazi ya marehemu Edward Gitau iliyodumu miongo mingi katika Taifa Leo. Juha Kalulu alikosea leo, akachekwa leo, na kesho akaamka mtu mpya. Uliweza kumkosa mwezi mzima na usipungukiwe na kitu. Boyie ukimkosa mwezi mmoja, umekosa sababu ya mwezi unaofuata.

Sasa, majina. Nakala moja ya jarida ni toleo. Hilo halina ubishi. Jumla ya matoleo yote ni mfululizo. Lakini kile kipande kirefu cha hadithi kinachopita katika matoleo manne au sita, chenye mwanzo na mwisho wake huku mfululizo wenyewe ukiendelea, tukiiteje? Wanafunzi wangu wamewahi kunipa “sura”, “msimu”, “awamu” na “sehemu”. Sura ni ya kitabu, na kitabu kina jalada la nyuma. Msimu wameutoa kwenye televisheni, na kwa mtu wa bonde la Tana msimu bado ni mvua na mpunga. Awamu imeshachukuliwa na serikali. Sehemu ni neno lisilokataa kitu chochote, ndiyo maana halisemi kitu.

Mimi nasema mkondo.

Aliyezaliwa Golbanti hahitaji kamusi kulielewa. Mto Tana haukuwa ukimwaga maji yake Kipini tangu zamani. Katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimbisha mfereji wa Belazoni kuuunganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ipite. Baadaye mto wenyewe ukaupenda mfereji, ukaiacha njia yake ya kale, na leo unaingia baharini kwa kinywa cha Ozi. Maji ni yale yale, mamba ni wale wale, mvuvi ni yule yule. Njia ndiyo mpya. Ndivyo ilivyo katika hadithi ya mfululizo. Shujaa hazaliwi upya. Anachukua njia nyingine, na mkondo mpya hauhitaji chanzo kipya. Isitoshe neno tayari limezoeleka: wapenzi wa soka wana mkondo wa kwanza na wa pili, walimu wana shule ya mikondo miwili. “Toleo la kwanza la mkondo mpya” halitamshtua mtu.

Na jarida lenyewe? Hapa nitasema jambo kwa haraka kwa kuwa limenikera miaka mingi. “Katuni” tumeibebesha mzigo wa punda watatu: mchoro mmoja wa kumkejeli mwanasiasa, filamu ya michoro inayotembea, na hadithi ndefu ya picha. Watanzania wana vibonzo, neno tamu, ingawa nalo lina utata huo huo. Kumbe Kenya tulikuwa na jibu katika miaka ya 1980. Terry Hirst, mchoraji mzaliwa wa Uingereza ambaye pamoja na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe mwaka 1973, alitoa mfululizo wa vitabu vya masimulizi ya jadi kwa michoro, kikiwemo cha Lwanda Magere, akauita Pichadithi. Picha na hadithi zimeunganishwa, silabi moja imemezwa katikati, na matokeo yanatamkika kana kwamba bibi zetu walilitumia. Neno lilizaliwa likiwa zima, tukaliacha life na vitabu. Nitalitumia hapa chini, mwenye kukasirika aniandikie.

Tuingie jikoni sasa. Kila mwanafunzi wa shule anajua kiambishi -ka- cha masimulizi: “Alifika mtoni, akaingia mtumbwini, akavuka.” Anachosahau ni kwamba -ka- haijiwezi. Ni kiungo cha pili katika mnyororo, kinahitaji cha kwanza cha kukishikilia, na kwa kawaida cha kwanza hicho ni -li-. Ukifungua hadithi kwa “Akavuka”, msikilizaji atauliza: nani, na kabla ya hapo?

Katika pichadithi kanuni hii inapata maisha mengine. Picha mbili zikifuatana, nafasi nyeupe iliyo kati yake ndiyo -ka-. Fremu ya kwanza: mtu kasimama ukingoni. Ya pili: yumo mtumbwini. Jicho lenyewe limesema “akaingia”. Mwandishi anayeongeza kisanduku cha maneno “Akaingia mtumbwini” amelipa nauli mara mbili. Toleo la katikati ya mkondo laweza hata kufunguka kwa -ka- tupu, maana -li- yake ilichapishwa mwezi uliopita. Toleo la kwanza la mkondo mpya halina ruhusa hiyo. Ni lazima liweke -li- mahali fulani, kwa neno au kwa picha. Nilipolichunguza lile toleo lililotoka pini, ndicho nilichokikuta: mambo mawili matatu ya nyuma yametajwa na kuwekwa wazi, halafu safari.

Msomaji mwerevu ataniuliza: na “Paukwa! Pakawa!” je? Si hadithi zetu zote zinaanza na -ka- pale pale? Ni kweli, na nimelifikiria sana. Tazama ni nani anayeitamka. Fanani anasema paukwa. Hadhira ndiyo inayojibu pa-ka-wa. Kiungo cha pili kimewekwa kinywani mwa msikilizaji kabla hajasikia lolote. Amekwisha kuingizwa ndani. Anayefika wakati wa paukwa hajachelewa.

Kijana aliyenifundisha kitu hiki kwa vitendo hakuwa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto, nakala chache za African Film zilitufikia kwa mkono, zikiwa zimepita mikono ishirini njiani. Wa rika langu watakumbuka: si michoro bali picha za kamera zenye viputo vya maneno, na ndani yake Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na sigara kubwa, akipambana na majambazi kama Rabon Zollo. Kiingereza chake kilitushinda. Kulikuwa na kijana mmoja wa sekondari aliyekuwa akitusomea jioni, akigeuza papo kwa papo, Kiswahili hapa, Kipokomo pale, mpaka giza linaingia na herufi hazionekani. Kesho yake daima kuna mtoto ambaye jana alikuwa shambani akifukuza ndege kwenye mpunga. Yule kijana hakumfukuza wala hakurudi mwanzo. Alikuwa akiuliza kwa sauti: “Tulimwacha Spear wapi?” Sisi tukajibu kwa fujo, kila mtu na kipande chake, na kwa dakika moja yule aliyekosa amejua yote.

Litazame neno hilo: tu-li-mw-acha. Nafsi ya “tu” inamchukua hata asiyekuwako. Wakati ni -li-, ile tuliyokuwa tunaitafuta. Shujaa yumo, ni “mw”. Na kitenzi ni kuacha, kana kwamba tangu jana Spear amesimama palepale akitungoja. Sijui lugha nyingi zinazoweza kuufungua mlango kwa neno moja la silabi nne.

Mmarekani Lee Falk, aliyeanzisha Phantom magazetini mwaka 1936, alilijua tatizo hili pia. Hadithi zake zilikuwa na desturi ya kurudia asili ya shujaa kwa faida ya waliochelewa: babu aliyenusurika maharamia, kiapo juu ya fuvu, vazi linalorithiwa na mwana ili watu wadhani mtu yule hafi. Njia hiyo ni ya uungwana. Lakini ina bei, kwa sababu msomaji wa miaka kumi analazimika kukisikia kiapo kwa mara ya hamsini.

Kiswahili kina njia ya bei nafuu zaidi, nayo ni kirejeshi. Tuseme fremu ya kwanza ya mkondo mpya inaonyesha mzee ufukoni akipiga kelele: “Yule jambazi amerudi!” Msomaji wa zamani anashtuka, anamkumbuka. Msichana wangu wa Golbanti anaona mlango umefungwa. Sasa badilisha: “Jambazi aliyetuzamishia mtumbwi amerudi!” Katika neno “aliyetuzamishia” mna mtenda, mna wakati uliopita, mna kirejeshi kinachosema ni yule yule, mna sisi tulioumizwa, na ile -i- ya kauli ya kutendea inayosema alifanya kwa hasara yetu. Toleo zima la mwaka jana limekunjwa ndani ya neno moja. Msomaji wa zamani hachoshwi, kwake ni kumbukumbu. Mgeni amepewa kiti. Wachoraji hulalamika kwamba maneno yetu ni marefu, hayaenei kwenye kiputo. Kweli ni marefu. Lakini hesabuni yaliyomo kabla ya kulalamika, na mkilazimika kulikata neno ukingoni mwa kiputo, likateni penye silabi, si popote kalamu ilipochoka.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu “yule”, hasa kwa wingi wake. Mwaka 2012, kuanzia Agosti, watu wa delta hii waliuana, Wapokomo na Waorma, na zaidi ya mia moja walikufa kabla mambo hayajatulia mwaka uliofuata. Siku zile niligundua kwamba katika simu za nyumbani hakuna aliyetaja kabila. Watu walisema “wale”. Wale wamepita. Wale wameonekana ng'ambo. Kiashiria kisichokuwa na nomino hakibaki kitupu. Msikilizaji hukijaza kwa hofu aliyonayo. Mwandishi anayefungua mkondo wa vituko kwa fremu nyeusi na kelele ya “Wale wamerudi!” anadhani anajenga taharuki. Nairobi labda ndivyo. Kwa mtoto wa Golbanti, na kwa mtoto wa manyatta ya Waorma isiyo mbali na hapo, amewaachia kila mmoja ajaze wake. Nimewahi kuona muswada ulioanza hivyo hivyo, na maharamia wenyewe wakaja kuonekana kurasa tisa baadaye. Nilimwomba mwandishi aongeze neno moja tu la kirejeshi. Aliona ninafanya ualimu. Pengine.

Utata si dhambi kila mara, lakini. Nitatoa mfano wa hapa hapa mtoni. Fumo Liyongo, ambaye watu wa Kipini na Ozi huonyesha palipo kaburi lake, ana hadithi iliyo tayari kwa mfululizo wa pichadithi. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 utakuta mikondo dhahiri: ndoa na binti wa Kioromo, watu ambao maandishi ya kale yaliwaita Wagala, njama ya mikoma, ambapo anatakiwa apande mti ili wampige mishale, naye anaziangua koma kwa mshale akiwa chini, gereza na tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa mama, na mwisho, mwana aliyezaliwa katika ndoa ile, aliyehongwa amuue baba kwa sindano ya shaba ya kitovu.

Ukiniambia nifungue toleo la kwanza la mkondo huo wa mwisho, nitaandika hivi katika kisanduku: “Liyongo, aliyekata pingu kwa tupa ya ndani ya mkate, sasa anaishi msituni. Mfalme wa Pate amechoka kutuma askari. Safari hii atamtuma mwanawe.” Sentensi ya kwanza ni kirejeshi, imembeba aliyechelewa. Ya tatu ni mtego. Mwanawe wa nani? Kimilikishi chetu cha nafsi ya tatu hakisemi kama ni mwana wa mfalme au mwana wa Liyongo. Mgeni na mwenyeji wote wawili hawajui, wanageuza ukurasa pamoja. Huo ndio utata ninaoukubali.

Nigusie na milio, maana bila milio hakuna vituko. Pichadithi nyingi za kwetu bado huazima milio ya Wamarekani, herufi kubwa zenye miale, na mtu yeyote anayeanguka popote anaanguka kwa sauti moja. Kiswahili kinatofautisha: mtu huanguka pu kama gunia, tifu mchangani, tapwi matopeni, chubwi majini. Hapo ndipo mchoraji anapata kitu cha bure. Ukiandika “tapwi!” pembeni mwa fremu nyeusi, msomaji amejua ni usiku na mvua imenyesha. Mpiga kasia wa Tana anaweza kuanguka kwa namna zote nne kabla ya saa sita mchana.

Na Sheng, wataniuliza, kwa kuwa Shujaaz liliandikwa kwa Sheng. Zamani nilikuwa mkali. Nilidhani mtoto wa delta atashindwa na msamiati wa Nairobi. Nikamsikiliza huyu msichana akisoma kwa sauti. Maneno ya Sheng yalimpita bila taabu, mengine ameyapata redioni, mengine kwa makanga wa magari ya Garsen. Aliponyamaza na kunitazama ni pale penye “yule”, “ile story” na “venye ulisema”. Sheng ina kirejeshi chake, hiyo “venye”, na inafanya kazi ile ile ya kurejesha. Kilichokosekana ni yale matoleo yenye majani ya mwembe. Mafuriko ya 2018 yalipita hapa, na ya mwisho wa 2023, na katika siku hizo barabara ikikatika hata unga haufiki, sembuse jarida.

Jioni nikamweleza haya yote, kwa lugha nyepesi kuliko hii. Nikamwambia kuhusu -ka- na -li-. Alisikiliza kwa adabu. Kesho yake nikamkuta ameng'oa karatasi katikati ya daftari la zamani, anachora. Anaziba mapengo: toleo lisilokuwepo analitunga mwenyewe na kuliweka mahali pa jani. Nikaomba nione. Fremu ya kwanza ilikuwa na Boyie mlangoni, na juu yake kwa kalamu ya buluu: “Akafungua.”

“Na tulisemaje jana kuhusu -ka-?” nikamuuliza.

“Lakini Babu, anayesoma si ni mimi,” akasema. “Na mimi nishajua alikuwa anatoka wapi.”